Teremka, Tukaze

Mwaka wa pili niliacha netiboli. Nahodha aliniuliza mara tatu kulikoni, nikamjibu masomo yamenibana. Uongo. Kila nikiruka kudaka mpira, mkojo ulikuwa unanitoka. Si mwingi, labda kijiko cha chai, lakini ukiwa na sketi ya mazoezi kijiko kinatosha kukumaliza.

Nikaanza kuvaa pedi siku zisizo za hedhi, bumu likawa linaishia huko. Nikaacha kunywa maji kabla ya lekcha. Kumbe najikomoa: ukinywa maji machache mno mkojo unakuwa mkali, kibofu kinakereka, chooni unakwenda zaidi.

Kituo cha kwanza nilichokwenda, niliambiwa, “Wewe binti hujazaa, hilo litaisha lenyewe.” Halikuisha. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenisukuma nikajaribu hospitali nyingine. Huko wakapima mkojo kwanza kuona kama kuna maambukizi, hakuna, wakanipeleka fiziotherapia. Mimi nilidhani fizio ni ya waliovunjika miguu!

Yule mama wa fizio alinieleza kwa kitanda cha kamba, kile cha teremka-tukaze. Chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa vile vile, imebeba kibofu. Ikilegea, ukikohoa, ukicheka au ukiruka, mkojo unapenya. Uzazi huilegeza, lakini hata wanamichezo ambao hawajazaa hupatwa. Dawa yake ni kukaza kamba.

Unakaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, huku unapumua, bila kubana matako. Unashikilia sekunde chache, unalegeza kabisa. Angalau mara 8, seti tatu kwa siku, kwa miezi 3. Kabla ya kupiga chafya, kaza kwanza. Usifanyie mazoezi hayo chooni kwa kukatisha mkojo, kibofu kinaweza kubakiza. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, yaani hata bibi zetu wangeweza kufaidi.

Tusichanganye mambo lakini. Anayevuja usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, awahi hospitali: huenda ni fistula, na tundu lile kwa kawaida huhitaji upasuaji, mazoezi hayalizibi. Damu kwenye mkojo nayo si ya kusubiri. Na nyie kaka zetu msifunue ukurasa: misuli hii mnayo, na wapo wanaovuja baada ya upasuaji wa tezi dume.

Sasa hoja yangu kwa serikali yetu ya wanafunzi. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tunafundishwa malaria na UKIMWI, vizuri sana. Tumwalike na mtaalamu wa fizio kwa saa moja, kisha azungukie timu za michezo. Hatuombi jengo wala mashine.

Mtasema mambo ya siri hayaandikwi gazetini. Mficha uchi hazai, jamani. Mimi kunyamaza kulinigharimu mwaka mzima wa michezo, wakati tiba ilikuwa kukaza misuli nikiwa nimekaa kimbwetani na daftari mbele, hakuna anayejua.

Nimerudi kiwanjani. Nikiwa na mafua bado kuna siku inanitokea. Nahodha nimemwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, “Hayo mazoezi yanafanywaje?”