FUNDI ASIYE NA CHETI



Katika reli sisi tunao waashi, maseremala na mafundi wa bomba, na katika kazi za majenzi wako wengi zaidi. Wako waajiri wanaosema watu hawa hawana haja ya chuo. "Huyu aijua kazi," wasema, "masomo ya nini?" Lakini siku ya mshahara wageuza maneno: "Huna cheti, huwezi kulipwa kama fundi." Twauliza: ukuta uliosimama wima ulijengwa na nani?

Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua chuo pale Kabete ili Waafrika wafundishwe ufundi. Ilitaka mafundi, lakini wa bei rahisi: Mwafrika alilipwa kwa rangi yake. Leo rangi haitajwi tena, latajwa daraja. Sheria ya mishahara ya Kenya yaweka kima cha chini cha fundi asiye na daraja, kisha cha fundi wa daraja la 3, la 2 na la 1. Kwa hiyo cheti ni shilingi mfukoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ufundi ndio mali yetu.

Basi nani azuia? Vyuo vipo. Tangu Katiba ya 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini vimewekwa chini ya kaunti. Na yule aliyejifunza kazini, kwa kubeba mawe na kumtazama fundi mkubwa, njia yake ni mtihani wa ufundi wa NITA.

Fedha nazo zipo. Mwajiri atakiwa kutoa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, kwa ajili ya mafunzo. Mwenye watu 200 hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Akimpeleka mtu wake kwenye masomo yaliyokubaliwa, aweza kuomba arudishiwe gharama. Sasa twataka kuona majina: ni nani waliopelekwa? Ikiwa orodha yote ni watu wa ofisini, na mshika mwiko hayumo hata mmoja, basi tumeibiwa mchana.

Kinachokosekana ni nafasi. Darasa ni mchana na kazi ni mchana. Kibarua akikosa siku moja, watoto wamekosa unga. Naye akirudi akuta mwingine ameshika chombo chake.

Nasi kwa sisi tuambiane. Wako wenzetu wanaomcheka mtoto aliyepelekwa chuo cha ufundi, kana kwamba ameshindwa na masomo. Acheni! Ajuaye kusoma ramani ya nyumba, kukadiria simiti na kokoto, na kunyoosha ukuta kwa timazi, huyo amesoma. Wanaomcheka hulala chini ya paa aliloezeka yeye.

Kwa hiyo katika mapatano yajayo na waajiri twadai:

1. Fundi apewe siku za masomo na za mtihani bila kukatwa mshahara.
2. Akirudi, akute kazi yake.
3. Akipata daraja, alipwe kwa daraja hilo tangu mwezi ule ule.
4. Orodha ya waliopelekwa masomoni ibandikwe ukutani kila mwaka, wote waisome.

Kila mwanachama aje mkutanoni, na amlete mwashi mmoja asiye na cheti.

UMOJA NI NGUVU.