Mali Isiyo na Kwao



Wako wanaodhani kuwa serikali ikiisha kujitawala huweza kufanya ilipendalo katika mali ya nchi yake, kama mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Sivyo. Mali itokayo nje ni ya namna mbili: iko inayojenga kiwanda ikatia mizizi, na iko inayokuja kununua hisa na kukopesha kwa muda mfupi, ikalala hapa usiku na asubuhi ikahamia kwengine. Hii ya pili haina kwao.

Yatazameni yaliyozipata nchi za Mashariki ya Mbali. Tarehe 2 Julai, 1997, Thailand ilishindwa kuishikilia thamani ya fedha yake, baada ya kutumia akiba kubwa ya dola kuitetea. Wenye mitaji wakaingiwa na hofu, wakatoa fedha zao hata katika nchi za jirani. Katika Malaysia, dola moja iliyokuwa ikipatikana kwa ringiti 2.50 hivi, Januari 1998 ilipita ringiti 4.50. Mashamba yalikuwa yale yale na viwanda vile vile; lakini aliyedaiwa kwa dola, deni lake lilikaribia kuwa maradufu.

Hapo serikali hubanwa. Ikipandisha riba ili mali isikimbie, wafanya biashara wake hushindwa kulipa madeni na watu hukosa kazi. Ikiishusha, mali huzidi kukimbia.

Thailand na Indonesia zilikopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na kuyakubali masharti yake. Malaysia, chini ya Waziri Mkuu Mahathir Mohamad, ilifunga mlango Septemba 1998: dola ikawekwa kuwa ringiti 3.80, ikaweza kushusha riba, na wageni waliouza hisa wakaamriwa wasizitoe fedha zao nchini kabla ya mwaka kupita. Amri hiyo ililegezwa Februari 1999, zikatozwa ushuru badala yake. Wengi walitabiri maangamizi, lakini mwaka 1999 uchumi uliinuka.

Hata hivyo, tuseme kwa insafu: Thailand nayo iliinuka mwaka huo, na wataalamu wangali wakibishana. Tena tarehe 21 Julai, 2005, China ilipoacha kuifunga fedha yake na dola, Malaysia nayo iliiacha ile 3.80 siku ile ile. Hata mlango uliofungwa humsikiliza jirani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali haina nguvu kubwa juu ya mali iliyokwisha kukimbia. Nguvu yake ni mwanzoni, kuchagua ipi iingie na kwa sharti gani. Ajengaye nyumba kwa deni la kulipwa mwezi ujao, mwenye nyumba ni yule amdaiye.