Tone Lililong'ang'ania Kikombe



Kwa wenzetu wa Newala, ndoo ya maji ni mali. Udongo wa uwanda wa juu wa Makonde ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji hupenya chini kabisa, kisha hutokea kama chemchemi kwenye miteremko na mabonde. Ndiyo maana juu hakuna mito, na tangu zamani akina mama wamekuwa wakiteremka na kupanda na maji kichwani. Siku hizi maji husukumwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, na wengi hukinga mvua ya mabatini. Hata hivyo, wakati wa kiangazi kila kata huhesabiwa. Dada zetu wa Masasi, chini ya uwanda, nao wanakijua kiangazi hicho.

Maji yakipungua, kazi ya kwanza kupunjwa ni kusuuza vyombo. Anayeumia ni mtoto, kwa tumbo la kuhara. Basi mwezi huu tujifunze jinsi tone la maji linavyoshika chombo, ili maji machache yafanye kazi kubwa.

Mwaga maji juu ya jani la gimbi. Yatajikusanya kama shanga na kuteleza chini, jani libaki kavu. Jani hilo lina vinundu vidogo mno vyenye nta, na hewa hukaa kati yake, kwa hiyo tone halipati pa kushika. Sasa mwaga maji katika kikombe cha plastiki kilichosuguliwa kwa mchanga miaka miwili. Kiinamishe. Tone litavimba upande wa chini na kuwa jembamba upande wa juu, lakini halitaondoka. Ukingo wake umenasa kwenye mikwaruzo. Likiwa dogo, uzito wake hautoshi kulivuta. Likiungana na mengine likawa kubwa, ndipo hudondoka.

Kwa hiyo kila unapomwaga maji ya sabuni, mengine hubaki yameganda chomboni pamoja na uchafu wake. Hapo ndipo penye siri ya kusuuza.

Tuseme kikombe kimebakiwa na kijiko 1 cha maji machafu, nawe una vijiko 9 vya maji safi. Ukivitia vyote mara moja, ukatikisa na kumwaga, kijiko kitakachobaki kitakuwa na sehemu 1 kati ya 10 ya uchafu wa mwanzo. Lakini ukivigawa mara 3, vijiko 3 kila mara, uchafu hupungua hadi robo, kisha robo ya robo, kisha robo ya hiyo tena. Mwisho hubaki sehemu 1 kati ya 64. Maji ni yale yale, mama, ila usafi umezidi mara sita!

Basi tufanye hivi:

1. Futa kwanza mabaki ya ugali na mafuta kabla ya kutia maji.

2. Osha kwa sabuni. Sabuni hulegeza ngozi ya maji, yakaweza kuingia ndani ya mikwaruzo na kung'oa mafuta.

3. Gawa maji ya kusuuzia mara tatu. Kila mara kung'uta chombo vizuri kabla ya kutia mengine.

4. Usisugue plastiki kwa mchanga wala stilwaya. Tumia kitambaa safi au dodoki. Kila mkwaruzo mpya ni makao ya tone na ya vijidudu.

5. Kikombe cha mtoto mchanga kiwe laini, na maji ya mwisho ya kukisuuza yawe yaliyochemshwa. Kikikwaruzika sana, kifanye cha kupimia mchele.

6. Pindua vyombo juu ya kichanja, juani. Tone lililogoma kudondoka, jua litalikausha.

Wafundishe na mabinti, na wavulana pia, kwani kuosha vyombo si kazi ya mama peke yake. Maji yatakayosalia yatatosha kunawa mikono kabla ya chakula.