Mbwa anayekurukia na kukung'ata kwa mchezo si mlinzi, mfundishe mapema

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka au stoo ya mahindi pale Mlowo, Mpemba na Tunduma, leo tuongee kuhusu mbwa, mnyama tunayeishi naye kila siku lakini hatumhesabu kwenye mifugo.

Unarudi kutoka shambani, mbwa anakurukia kifuani, anakamata mkono kwa meno, anavuta kanga au suruali. Wengine wanacheka. Wengine wanampiga teke. Wapo wanaofurahi kabisa, wakisema mbwa mkali ndiye mlinzi. Maoni yangu ni kwamba wote hao wanakosea, na anayeumia mwishoni ni mtoto au mteja.

Tumwelewe kwanza mbwa mwenyewe. Mtoto wa mbwa hujifunza kupunguza nguvu ya meno anapocheza na ndugu zake. Akimuuma mwenzake sana, mwenzake analia na mchezo unaisha. Ukimchukua akiwa na mwezi mmoja, unamtoa kabla hajajifunza hilo. Mwache kwa mama yake mpaka afikishe wiki 8. Tena, kuanzia miezi 4 hivi meno ya utoto yanabadilika, fizi zinamsumbua, anatafuna chochote. Huo si ukali, lakini ukiuchekea utakuwa tabia. Samaki mkunje angali mbichi.

Kumpiga hakusaidii. Mbwa anayerukia anataka umjali, na hata kelele zako kwake ni mchezo. Akipigwa sana anaogopa mkono wa mtu, na mbwa mwoga huuma kweli.

Fanya hivi:

1. Akikurukia, simama wima, kunja mikono, mpe mgongo, usiseme neno. Miguu yote minne ikigusa chini, ndipo umsalimie au umpe chakula kidogo.

2. Akikamata mkono, usiuvute kwa nguvu, maana atazidi kuufukuza. Acha kuutikisa, na akiachia ondoka. Mchezo umekwisha.

3. Mpe cha kutafuna, kama kipande cha kamba nene kilichofungwa mafundo. Usimpe gunzi la mahindi. Akilimeza linaweza kuziba utumbo.

4. Nyumba nzima ifuate sheria moja. Baba akikataza na watoto wakamchezesha kwa mikono, mbwa hatajua lipi ni lipi. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa.

Usitegemee siku mbili. Ukishika msimamo, utaona mabadiliko baada ya wiki kadhaa.

Kwa nini nalisisitiza jambo dogo hivi? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu upo Tanzania, unapita kwenye mate, na mtu akishaanza kuonyesha dalili karibu kila mara hufa. Mbwa akizoea kung'ata kwa mchezo, siku akiugua utadhani anacheza kama kawaida. Mbwa asiye na tabia hiyo akibadilika, utamshtukia mapema.

Kwa hiyo mchanje akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na utunze kadi yake. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Iwe kumbukumbu yako ya kuikagua kadi hiyo. Meno yakichubua ngozi, hata kwa mchezo, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usimuue mbwa. Mfunge mahali salama, toa taarifa kwa afisa mifugo, aangaliwe kwa siku 10. Lakini wewe usisubiri siku hizo ziishe ndipo utafute matibabu.

Na wewe mfanyabiashara, mteja anayerukiwa mlangoni kwako atanunua kwa jirani. Mlinzi mzuri ni yule anayebweka mgeni akija, na kunyamaza ukimwambia. Kazi yake ni kukuamsha. Mengine ni yako.

Anza jioni ya leo ukifika nyumbani. Ukikwama, mwone afisa mifugo wa kata yako.