Mizani Imepanda Kilo Mbili Usiku Mmoja? Tulia, Hayo ni Maji

Hebu niambie kama hili linakuhusu. Umeamua mwaka huu mwili lazima ukae sawa. Soda umeacha. Chapo umepunguza kutoka tatu hadi moja. Jioni unashuka matatu steji moja kabla ya kwenu ili utembee kidogo. Siku za kwanza mizani inakupenda kweli: 86, halafu 85.2, halafu 84.6. Unaanza kujiangalia kwa kioo kila saa. Kisha Jumatatu asubuhi unapanda pale juu na inakuambia 85.9. Jumanne, 86.1. Na hujala kitu cha ajabu! Kufikia Jumatano uko kwa kibanda umeagiza chapo nne na madondo, roho imekufa, unajiambia, "Huu mwili ni wa ukoo, haupungui."

Wasee wengi huachia hapo hapo, wiki ya pili. Kinachowatoa mbioni si njaa wala uvivu, ni nambari moja ya asubuhi moja. Na mimi nasema nambari hiyo haistahili kupewa nguvu hiyo. Mizani haikudanganyi, ina uzani wako kamili pale. Tatizo ni kwamba wewe unaiuliza kuhusu mafuta, nayo inakujibu kuhusu kila kitu ulichobeba ndani yako saa hiyo: mafuta, mifupa, maji, githeri ya jana na choo ambacho bado hakijatoka.

Mimi si daktari, na chuo niliachia mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Lakini hesabu ya hapa ni ya shule ya msingi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ili unenepe kilo moja na nusu ya mafuta halisi kwa usiku mmoja, lazima uwe umekula kalori 11,550 zaidi ya zile mwili wako ulihitaji siku hiyo. Chapati moja kubwa, ile yetu ya mafuta ya kutosha, inaweza kukaribia kalori 300. Gawanya. Ni kama chapati 38, na hizo ni juu ya kiamsha kinywa, chamcha na chajio chako cha kawaida. Ulikula chapati 38 jana? Hukula. Basi hayo si mafuta.

Ni nini sasa? Mara nyingi ni maji. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji, na maji hayakai mahali pamoja. Yanaingia na kutoka siku nzima. Kupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kati ya siku na siku ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu mwenye afya.

Anza na wanga. Ukila ugali, mchele, waru au mkate, mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli. Akiba hiyo inaitwa glikojeni, na mtu mzima anaweza kubeba karibu nusu kilo yake. Sasa shika hapo: kila gramu ya glikojeni huwekwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Nusu kilo ya akiba, kilo moja na nusu ya maji. Jumla kilo mbili! Ukikata ugali ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, na mizani inashuka chap chap kabla mafuta hayajaguswa sana. Ukienda ruracio Jumamosi ukala pilau na mukimo kama watu wengine, akiba inajaa tena na maji yake yanarudi. Hakuna uchawi hapo.

Halafu kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Sasa hesabu Furahiday yako: nyama choma iliyochovywa kwenye kilima cha chumvi, mutura, smoki mbili za kwa stovu, chipsi. Chumvi ikizidi, mwili unashikilia maji ili kuizimua. Utaamka uso umevimba kidogo na pete haitoki kidoleni. Siku moja au mbili baadaye figo zitakuwa zimemaliza kazi yake, na utakojoa ile "kilo" yako yote.

Mazoezi nayo. Hii ndiyo huumiza watu zaidi, kwa sababu unaona kama unaadhibiwa kwa kufanya kitu kizuri. Umeingia jimu mara ya kwanza, umepiga skwoti hadi kushuka ngazi kesho yake ni shida. Misuli iliyochoka inavuta maji ili ijirekebishe, kwa hivyo uzani unapanda hata kama mafuta yanapungua. Na ninyi akina dada, siku zinazotangulia hedhi homoni hufanya mwili wa wengi ushikilie maji. Kwa wengine ni nusu kilo, kwa wengine kilo moja hadi mbili. Ukijilinganisha na wiki iliyopita utapata stresi bure. Jilinganishe na siku kama hiyo ya mwezi uliopita.

Na kuna mambo madogo tu. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo ukiimaliza. Siku mbili bila kwenda haja kubwa, hiyo pia ina uzani wake. Jinzi na buti peke yake ni zaidi ya kilo.

Sasa weka haya yote kando ya kile unachotafuta. Tuseme umepunguza kalori 500 kwa siku, ambayo si mchezo. Kwa siku moja hiyo ni kama gramu 65 za mafuta. Gramu 65! Na maji yanacheza kwa gramu 1,000 hadi 2,000. Kutafuta gramu 65 kwenye mizani ya asubuhi moja ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona ndani ya nganya ya Rongai muziki ukiwa juu. Mtu anaongea kweli. Ila hutamsikia kwa sekunde moja, lazima ukae naye safari nzima.

Si mambo mapya haya. Huko Italia kulikuwa na daktari anayeitwa Santorio Santorio, aliyezaliwa 1561. Huyo mzee alining'iniza kiti kwenye mizani na kujipima kwa takriban miaka 30: alichokula, alichokunywa, alichotoa. Kitabu chake kikatoka 1614. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya alichokula haikuonekana chooni, ilipotea kimya kimya kupitia ngozi na pumzi. Kwa ufupi, hata ukilala tu, unapoteza uzani. Ndiyo maana asubuhi uko mwepesi kuliko ulivyokuwa usiku. Jamaa alijipima miongo mitatu ili auelewe mwili. Wewe unataka kuuelewa kwa siku nane?

Nikupe njia ninayoamini inasaidia. Jipime kwa namna moja kila mara: asubuhi, baada ya kwenda msalani, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani iwe ile ile, juu ya sakafu ngumu, si kwa zulia. Wale jamaa wa mizani ya shilingi 10 pale tauni si wabaya, ila ukipimwa saa kumi jioni na viatu na mkoba, usilinganishe na ya asubuhi kwa keja. Andika nambari kwa simu, usiitafakari. Mwisho wa wiki jumlisha saba zote, gawanya kwa saba. Hiyo wastani ndiyo yako. Zile zingine ni kelele.

Mfano. Wiki moja msee anaandika 84.2, 84.0, 84.8, 84.5, 83.9, 83.7, 84.4. Wiki inayofuata, baada ya wikendi ya nyama, anaandika 85.1, 84.3, 83.8, 83.9, 83.2, 82.9, 82.8. Ukimtazama Jumatatu kwa Jumatatu, amepanda kutoka 84.2 hadi 85.1. Karibu kilo nzima! Angekuwa anajipima Jumatatu pekee, angetupa mpango wote kwa dirisha. Lakini wastani umetoka 84.2 hadi 83.7. Amepunguza nusu kilo, na nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo mwendo ambao wataalamu wengi wa lishe huuona salama. Mtu yule yule, wiki zile zile, hadithi mbili tofauti. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo kinavyopunguzwa pia.

Kuna wenye wataniambia, "Si uachane na mizani kabisa, upime na nguo?" Nawasikia. Suruali inayokulegea kiunoni ni ushahidi mzuri, na utepe wa fundi wa nguo ni bei ya chini kuliko mizani. Kama unajipima mara tano kwa siku, au nambari ikipanda unajinyima chakula au kujitapisha, basi weka mizani mbali na uongee na mtu: daktari, mshauri, hata dadako. Hiyo imeshapita mambo ya uzani. Lakini kwa wengi wetu, kukimbia mizani ni kuiogopa tu. Kitu unachokielewa hakikutishi tena.

Na hapa ndipo nina hasira kidogo. Kuna watu wanakula pesa kupitia kutoelewa kwako. Umeona matangazo: "Kilo 5 kwa siku 7!" Chai ya kukata kitambi, juisi ya kusafisha mwili, vidonge visivyo na jina. Baadhi ya chai hizo zina sanamaki, ambayo nyanya yako anaijua vizuri: ni dawa ya kuendesha. Unaenda choo mara sita, mizani inashuka, unatuma ushuhuda na kuwapa wateja wengine. Umelipa pesa nyingi kupoteza maji na choo, vitu ambavyo hutoka bure. Mabondia hufanya mchezo huo wakijua ni mchezo: wanajikausha kabla ya kupimwa, na kufikia wakati wa kupanda ulingoni kilo kadhaa zimerudi. Wewe hupigani na mtu. Na kuharishwa kila siku hupoteza pia madini kama potasiamu, ambayo moyo huhitaji ili upige sawasawa. Watu huishia hospitali kwa mambo haya.

Lakini biashara hii inasimama juu ya furaha yetu ya wiki ya kwanza. Tukishuka kilo tatu kwa siku tano tunapiga kelele "inafanya kazi!" Tukipanda moja tunasema "imefeli!" Zote mbili ni maji. Ukikubali kwamba kupanda kwa Jumanne si mafuta, kuwa mkweli na ukubali kwamba ule mshuko wa kwanza haukuwa mafuta yote. Hapo hakuna mtu atakuuzia siku saba tena.

Usinielewe vibaya, si kila kupanda ni kelele. Wastani wako ukipanda wiki tatu au nne mfululizo, hapo rudi kwa sahani, pengine chakula kimeongezeka bila wewe kujua. Ukiona miguu inavimba, unapumua kwa shida na uzani unapanda haraka, nenda hospitali, inaweza kuwa moyo au figo. Na ukipungua tu bila kujaribu, usisherehekee. Kisukari na kifua kikuu huanza hivyo kwa watu wengi.

Kwa wengine wote: kesho ukiamka nambari imeruka, usiruke nayo. Iandike. Jiulize jana ulikula nini chenye chumvi, ulienda jimu, ulilala saa ngapi, uko siku gani ya mwezi. Kisha kunywa chai yako, kula ulichopanga kula, tembea ile steji moja. Chapo yako moja bado ni halali. Jumapili jioni ndiyo siku ya hesabu, na ujipe wiki nne kabla ya kuamua kama mwili wako ni wa ukoo.