Umri wa Mwimbaji si Kipimo cha Uimbaji

Imekuwa desturi katika kumbi zetu za mihadhara kumtaja mwimbaji wa dansi kwa bezo: alivuma, akazima, kwa hiyo hakuwa na kitu. Nasema bila ya kuficha kuwa rai hiyo ni ya uvivu, tena yamwadhibu mtu kwa kosa lisilo lake.

Na tutazame Iringa. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha umma cha kukata almasi, Tancut, kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra. Miongoni mwa waimbaji wake walikuwamo ndugu pacha waliotoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ambao Kiswahili chao wengi wetu tuliozaliwa nacho tungekionea wivu. "Nimemkaribisha Nyoka" ulisikika nchi nzima. Enzi yao haikuwa ndefu, nakubali. Lakini ala zilikuwa mali ya nani? Za mwajiri. Na kanda zilizonasa sauti zao? Bendi za zama hizo zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki huko. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliishi kwa utaratibu huohuo, na Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo vilevile. Utaratibu huo uliwapa wanamuziki mshahara, jambo la heshima nisilolikana; ila aliyeondoka aliondoka na koo lake tu. Huyo ndiye tumwulizaye mbona hakudumu!

Mbeya nayo ina mtu wake. Albert Mangweha alizaliwa huko 1982, akatoa albamu ya "a.k.a. Mimi" 2004, akafa Afrika Kusini 2013 hajatimiza miaka 31. Sifa yake kubwa ilikuwa kughani papo kwa papo, pasipo karatasi. Mwanachuoni yuleyule awasifuye malenga wa Mvita kwa kujibizana hapo kwa hapo humkunjia uso kijana huyu, ati ni wa mtaani. Kwani Muyaka bin Haji alikuwa wa wapi? Tungo zake zilitufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka vinywani mwa watu, naye W. E. Taylor akazihifadhi. Sikujua wa Iringa yu wapi?

Waliozicheza nyimbo za Tancut wangali hai, na wajukuu wao wamo madarasani mwetu. Mmoja wa wanafunzi wangu alitaka kuandika tasnifu juu yake. Idara ilimrudishia pendekezo lake na maneno mawili pembeni: si fasihi.