Mgeni wa Kutwa: Ashuke kwa Miguu au Apakiwe Garini?

Na Mwalimu wa Madrasa, Mkuyuni, Morogoro



Yametufikia maneno kutoka Unguja, na aliyetuletea ni kijana wa hapa hapa Mkuyuni, aliyesoma juzuu zake katika chuo chetu kabla hajateremka pwani kutafuta riziki. Leo ni mtembezaji wa wageni. Anasema kwamba kila ifikapo kaskazi, meli kubwa za watalii hufika bandari ya Malindi, zikashusha watu asubuhi na kuwazoa jioni. Mgeni akishuka ngazi humwuliza swali moja: "Nina saa chache tu. Nitembee kwa miguu yangu, au nilipie matembezi ya gari?" Tajiri wake amekwisha mfunza jawabu, nalo ni gari tu. Amwambie mgeni kuwa mji umejaa wezi, kuwa vichochoro vinapoteza watu, kuwa jua litamwangusha, kuwa meli itamwacha. Akimtia garini hupata fungu lake, na akimwacha atembee hapati kitu. Kijana anauliza: Je, Maalim, maneno haya ni halali kuyasema?

Watakuwapo watakaocheka, waseme sheikh wa mlimani yanamhusu nini mambo ya meli, naye anakaa mahali ambapo hata mtumbwi haupiti. Tunawajibu kuwa yanatuhusu sana. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Matombo, Mvuha na Kisaki inapita mlangoni petu, na tangu ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019 tunayaona magari ya watalii yakienda huko. Vioo vimefungwa, na mgeni ndani anatazama simu. Kwa hiyo gari la mtalii tunalijua kwa vumbi lake, na mtalii anayeshuka akatembea tunamjua kwa jina lake, kwani yeye hufika barazani, akaamkia, akaulizwa atokako.

Tuanze na lililo wazi. Mwenye kutakwa shauri amewekewa amana, na amana haina dini ya mwenye kuiweka. Mgeni akikuuliza lipi bora kwake, nawe ukamjibu lililo bora kwa mfuko wako huku unamwonyesha uso wa nasaha, umemghushi, sawa na muuza maziwa atiaye maji. Kumtisha kwa mwizi usiyemwona ni uwongo. Tena ni uwongo wa kuwasingizia watu wa mji mzima, wazee wake waliokaa barazani, mama zake wanaouza vitumbua, watoto wake wanaotoka chuoni na misahafu kifuani, kwamba hawa wote ni watu wa kuogopwa. Nani kampa tajiri huyo ruhusa ya kuuza sifa ya Wazanzibari kwa kamisheni?

Hilo limekwisha. Sasa tulitazame lenyewe, lipi bora, kwani wapo wenye kulitetea gari kwa nia safi, na maneno yao yanastahili kujibiwa.

Wamesema: mwenye saa chache apande gari ili aone mengi. Basi tufanye hisabu, maana hisabu haina upendeleo. Tuseme meli imefika saa mbili asubuhi, na inataka watu wake wote wawe wamepanda saa kumi alasiri. Ni saa nane. Toa saa moja ya kushuka, kupanga mistari na kungojana, kwa sababu gari la watu thelathini huenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Msitu wa Jozani, wanakokwenda kutazama kima punju, uko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini; kwenda karibu saa nzima, na kurudi vivyo hivyo. Weka kusimama dukani, kwani gari la watalii halijapata kupita duka bila kusimama. Weka chakula. Weka na tahadhari ya kurudi mapema bandarini. Huyu mtu ameona nini? Ameona mgongo wa kiti kilicho mbele yake, na kima kwa muda mfupi. Nasi tunasema kima ni kiumbe cha ajabu na asili yake ni Unguja, lakini aliye na siku tatu ndiye amwendee.

Na yule aliyetoka kwa miguu? Lango la bandari na Mji Mkongwe vimegusana. Hajamaliza hata kukunjua ramani amekwisha fika. Mji wenyewe ni mdogo, huwezi kutembea nusu saa kwa mstari mmoja bila kutokea baharini au Darajani. Vichochoro vyake havikujengewa gari. Vilijengewa mtu, punda na hamali, na kivuli cha ghorofa za pande zote mbili humkinga apitaye. Gari haliingii humo hata likitaka. Ndiyo maana mwenye kununua matembezi ya gari anautazama kwa nje mji ambao mwaka 2000 uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, kisha anaondolewa.

Kwa miguu, kabla jua halijawa kali, ataona Dispensari ya zamani iliyoanzishwa na Tharia Topan, yenye roshani za mbao zilizochongwa kama kitambaa cha darizi. Ataona mnara wa Msikiti wa Malindi, ambao una umbo la pia, na minara ya namna hiyo ni michache mno katika pwani yetu. Ataona Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na ataona jeraha lake, kwani sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na wakafa watu wawili waliokuwa kazini. Ataona milango, na akiwa na mtu wa kumweleza atajua kuwa ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa desturi ya Kiarabu, na ule wenye upinde ulitoka kwa mafundi wa Kihindi. Na atafika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Hapo Mkunazini tusipapite mbio. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita Morogoro, chini ya milima yetu hii ya Uluguru, na walioingizwa katika soko lile walikuwa watu wa bara kama sisi. Mgeni akisimama pale kwa miguu yake, kimya, apate muda wa kufikiri, hilo ni jambo. Akipelekwa na kundi, kengele ikigongwa kila dakika kumi ili asichelewe bustani ya viungo, hilo si ziara ila ni kuhesabiwa.

Na tumetaja viungo, basi tuseme, maana hapa tunasema kwa kujua. Mkuyuni, Kinole na Matombo ni nchi ya viungo. Mdalasini tunaumenya wenyewe, karafuu tunaipanda kwa ngazi, pilipili manga imeparamia miti yetu, na iliki iko huko juu kwenye baridi. Kazi ya viungo ni ya kunyeshewa, kungoja, kuanika na kuogopa bei. Lakini mgeni wa kutwa anapelekwa shamba la maonyesho, akavishwa kofia na tai ya makuti, kijana akaparamia mnazi huku anaimba ili apigwe picha, kisha akaonyeshwa vipakiti vya bizari vilivyopangwa mezani. Tai ya makuti! Mkulima gani wa karafuu amepata kuvaa tai ya makuti? Hatumlaumu kijana aliye mnazini, anatafuta riziki yake, na riziki yake ina jasho. Tunamlaumu anayemwambia mgeni kuwa hayo ndiyo maisha ya shamba.

Wamesema tena: kutembea bila mpango ni kupoteza wakati, na msafiri mwenye akili hupangiwa. Tunawaletea Ibn Batuta. Mwaka 1331 alipita pwani hii kwa jahazi, na Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja, kama meli hizi za leo! Na bado alituachia habari za ndizi zake na ndimu zake, misikiti yake ya mbao, visima vilivyokuwa kwenye milango ya misikiti, na jinsi watu walivyokwenda pekupeku wakaosha miguu kabla ya kuingia. Habari ya mguu unaooshwa mlangoni huipati ukiwa juu ya kipando. Huipata aliyesimama pale mlangoni, akainama, akatazama. Kabla ya hapo alipofika Mogadishu, alikuta desturi kwamba vijana huzikabili merikebu kwa vyombo vidogo, kila mmoja amechukua chakula kilichofunikwa, akamshika mfanyabiashara mmoja akasema huyu ni mgeni wangu. Naam, nao walikuwa na faida yao katika biashara ya mgeni yule, hatukatai. Lakini walianza na chakula, na walimpeleka nyumbani. Papasi wa leo huanza na kumvuta mkono.

Na hapa hatutawaficha watu wetu. Papasi wanaomfuata mgeni hatua kwa hatua, akisema sitaki wanasema utataka, hao ndio wanaompakia garini kuliko tangazo lolote. Mwenye kulalamika kuwa wageni hawatembei mjini, aanze na nduguye huyo.

Wamesema: meli itamwacha. Nao wanapenda kutaja kisa cha meli iitwayo Norwegian Dawn, iliyowaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé mwezi Machi 2024, ikabidi wazunguke nchi kadhaa za Afrika Magharibi mpaka walipoipata Dakar, Senegal. Kisa ni cha kweli. Lakini wanakisimulia nusu. Watu wale hawakuwa wamepotea vichochoroni kwa miguu. Walikuwa katika matembezi ya kupangiwa, waliyoyanunua nje ya meli, na matembezi yao ndiyo yaliyochelewa. Meli huwangoja iliowapeleka yenyewe, hilo tunalikubali, na mwenye hofu kubwa na anunue kwa meli. Ama aliyeko Mji Mkongwe kwa miguu anaiona meli yake kila akitokea ufukweni. Atachelewaje, ila kwa usingizi?

Wamesema: watembeao hawaachi pesa. Hili ndilo neno lao kubwa, na ndilo dhaifu kuliko yote. Bei ya gari inapita mikono mingi, na kila mkono unaompitisha mgeni hukata fungu lake, mpaka ikifika kwa dereva na mwenye shamba imekuwa makombo. Mwenye kutembea hununua dafu kwa mwenye dafu, kahawa kwa mwenye buli, kikoi kwa mshonaji, urojo kwa mama aliyeupika. Pesa haikupita popote. Huenda ikawa ndogo kwa mgeni mmoja, lakini imeingia mkononi mwa mtu aliyemtazama usoni.

Hatusemi kuwa gari ni haramu, na asije mtu akatunukuu hivyo. Dini yetu ni nyepesi. Katika Hija wametajwa waendao kwa miguu na waendao juu ya vipando, na asiyeweza kwenda baina ya Safa na Marwa kwa miguu husukumwa kwenye kiti, na Hija yake ni kamili. Mzee, mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, hao wapande gari bila ya kuona haya. Tena liko linalostahili gari hasa: Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, uko kusini kabisa mwa kisiwa na hakuna atakayeuendea kwa miguu kutoka Malindi. Mwenye shauku ya historia akichagua huo peke yake kwa siku yake nzima, hatumzuii. Tunamkataza kutaka Kizimkazi, kima, viungo na kobe wa Changuu kwa siku moja.

Na mtembeaji naye ana haki za kutimiza. Asipite mitaa ya watu nusu uchi, maana hapo si ufukweni, ni uani kwa watu. Asimpige picha mtu anayetia udhu wala mwanamke aliye mlangoni kwake bila idhini. Asiingie msikitini mpaka ameruhusiwa. Wengi wao hawakatai hayo, hawajaambiwa tu. Na garini pia hawaambiwi.

Basi jawabu letu kwa kijana wetu ni hili. Mgeni akikuuliza, mwulize kwanza mambo mawili: una saa ngapi, na miguu yako ina nguvu gani? Akiwa na saa nane na miguu mizima, mwambie atembee. Mwambie aanze mapema, apumzike adhuhuri penye kivuli, na arudi bandarini saa moja kabla. Kisha ijaribu biashara nyingine: jiweke wewe mwenyewe, kwa kibali chako, uwe mtembezaji wa miguu, kwa bei unayoitaja mapema na mbele ya wote, saa mbili kiasi fulani, saa tatu kiasi fulani, bila duka la mjomba njiani. Jifunze majina ya mafundi, ya misikiti na ya mitaa, usije ukabuni. Tajiri wako akikataa, mwonyeshe hisabu tuliyoifanya hapa juu. Akikufukuza kazi, tuandikie, na karafuu za mwaka huu bado hazijachumwa.